Mmimina Maziwa

Pale mkahawani kwetu Veracruz, ukitaka maziwa huiti mtu. Unagonga glasi ya kahawa kwa kijiko, naye mmimina maziwa anakuja na birika, analiinua juu ya kichwa na kumimina uzi mweupe usiokosea glasi. Mkono wake umejaa makovu ya kuungua. Wenzake humtafuta mteja kwa macho. Yeye huja ameinamisha kichwa, sikio mbele, na kabla hajamimina huiimba puani sauti ya glasi yako, polepole, kama anayeionja. Tangu Don Eleuterio, fundi wa marimba, amwambie aje karakanani Jumatatu akajifunze kulinganisha sauti za mbao, Doña Herminia mwenye mkahawa hampi nafasi ya kupumua. "Mbao hazitoi bakshishi, baba! Utarudi hapa na njaa yako." "Nikirudi, mama, nitagonga glasi kama wateja wengine," akamjibu akicheka.

Jumapili mchana alivua aproni, akaketi kwenye meza ya pembeni na kugonga glasi kweli. Doña Herminia mwenyewe akaja kummiminia. Nje barazani Don Eleuterio alikuwa akijaribu ubao mmoja wa marimba, anaugonga, anauchonga kidogo, anaugonga tena. Mmimina maziwa naye, pale mezani, akagonga glasi yake, akanywa funda, akagonga, akanywa jingine, mpaka glasi na ubao vikatoa sauti moja. Don Eleuterio akageuka kutazama ni nani. Doña Herminia akasogeza birika amwongezee, naye akaifunika glasi kwa kiganja.

"Usiongeze, mama. Nimeipata."