Galali na Nusu ya Pili ya Mstari

Galali alikuwa mwimbaji wa hekalu, zamu ya asubuhi, na kazi yake ilikuwa kulalamika. Nimeishi Misri na Babeli, nimesikia watu wa lugha nyingi wakiibembeleza miungu yao, lakini ni hapa Yerusalemu tu nilipokuta mtu anayelishwa na madhabahu ili amwulize Mungu mbona amekaa kimya. Nilipanga chumba juu ya dari lake, kwa hiyo namjua akiwa amevaa kitani na akiwa anakoroma.

Mtu aliyeonewa humwendea mwimbaji na kummwagia maneno yake. Mwimbaji huyapanga, kisha huyaimba uani mwa hekalu akisema "mimi", kana kwamba yeye ndiye aliyetendewa. Mwenye shida husimama kando, miguu mitupu, mdomo umefungwa. Adui hatajwi jina; ni "wao" tu, Mungu anawajua. Malalamiko yakiisha kuhani hutoa neno la kutia moyo, na wimbo hugeuka kuwa shukrani. Kila mstari una nusu mbili, na ya pili sharti iirudie ya kwanza kwa maneno mengine, au iikaze. Ukiimba nusu moja ukanyamaza, watu wote wanageuka kukutazama, wakidhani umezirai.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja, kisima cha mtaa wetu kilioza. Watu walitapika, wengine walilala chini siku nyingi. Wazee waliokaa langoni walipouliza nani aliyekichafua, Galali alisema, "Mimi nilimwona Mama Hogla pale na manyoya yake." Hogla alikuwa mjane, mfua manyoya na mtia rangi. Basi hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Wanawake wakamfukuza kisimani, na sufu yake ikabaki kwenye kamba bila mnunuzi. Akawa anashuka hadi chemchemi ya bondeni na magoti yake mabovu, na kupanda tena na mtungi kichwani.

Ni kweli Galali alimwona, ila ilikuwa siku nyingine, na Hogla alikuwa anapita tu. Aliyekiacha kisima wazi ni Galali mwenyewe. Alikuwa anakimbilia harusi, akaona jiwe la kufunikia ni zito, akasema atalirudisha akitoka. Mwanambuzi akatumbukia. Galali ndiye aliyemwopoa, akamfukia nyuma ya zizi, na tangu hapo hakula nyama ya mbuzi. Mkewe Zibia alidhani ni tumbo.

Kisha Hogla akaja kumtaka wimbo.

Nilikuwa nimeketi mlangoni nikimenya vitunguu na Zibia. Hogla aliweka chini mtungi wake, akapumua kwanza.

"Mwanangu Galali, nimekuja kwako kwa sababu wewe una sauti inayofika juu. Yule mwenzako wa jioni, hata mbuzi wa sadaka hamsikii."

Zibia akacheka. Galali hakucheka.

"Mama, mimi nina mafua. Mwendee huyo huyo."

"Mafua gani? Jana ulisikika mpaka Bethlehemu!" Zibia akadakia. "Baba Shuni, usimfukuze mama wa watu."

Mwimbaji hana ruhusa ya kumkataa aliyeonewa. Akakaa chini. Hogla akamwaga yake: walisema uongo juu yangu, wamenitenga na maji, wakiniona wanavuta watoto wao. Galali alisikiliza akitazama vidole vya miguu yake. Halafu akajaribu kuyaimba, na hapo likatokea jambo. Alipofika kwenye "walisema uongo" nusu ya pili ikatoka fupi, ikachechemea, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Huo ni mwendo wa kilio cha maiti. Watu wa hapa wameusikia makaburini tangu wakiwa migongoni mwa mama zao.

"We!" Hogla akaruka. "Kwani nimekufa? Unanizika na mtungi wangu uko hapa?"

"Nisamehe, mama. Ulimi umeteleza."

Akaanza tena, na pale pale wimbo ukachechemea tena. Zibia aliacha kumenya. Mimi nikadhani ni mafua kweli.

"Utaurekebisha," Hogla akasema, akijitwika mtungi. "Wewe ni fundi. Na mimi sina mwingine."

Siku zile kabla ya wimbo Galali hakutulia. Alipanda kwangu darini akaniuliza kama huko Babeli mtu anaweza kuomba aondolewe kosa bila kulitaja. Nikamwambia wapo makuhani wa kazi hiyo, wanachoma kitunguu, wanataja makosa yote duniani kwa pamoja, lako likiwamo.

"Hapo ni pazuri," alisema, na akashuka bila kuaga.

Asubuhi ya wimbo Hogla alisimama uani miguu mitupu, amevaa gunia. Galali alianza vizuri. Aliuliza mbona Mungu ameziba masikio, akaeleza magoti yanayouma na maji yaliyo mbali. Sauti yake ilijaa ua wote, na wanawake wale wale waliomfukuza Hogla wakajifuta machozi. Wimbo mzuri hauchagui wa kumliza. Akafika pale, na badala ya "walisema uongo" akaimba, "Nilisema uongo juu ya mwenye haki."

Kuhani, mzee Yatniel, akamnong'oneza, "Wa-li-sema. Walisema, mwanangu."

Angeweza kurekebisha. Silabi moja tu, na uani pale watu wangedhani ni mafua. Lakini nusu ya kwanza ilikuwa imeshatoka na ilikuwa inadai mwenzake, na watu wote walikuwa wanaisubiri. Galali alifumba macho akaimba, "Nilikiacha wazi kinywa cha kisima, nikakifunga changu."

Mstari haukuchechemea.

Yatniel alikuwa ameshanyanyua mkono kutoa lile neno la kutia moyo, akabaki nao hewani, hajui amtie moyo nani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo wimbo mkali." Wengi hawakuelewa. Walidhani ni ufundi.

Hogla alielewa. Hakuruhusiwa kusema, akasema.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na ukanikubalia nikakusifu sauti."

"Ndiyo, mama."

"Mwache amalizie shukrani," Yatniel akasihi.

"Ashukuru nini?" Hogla akavaa viatu vyake hapo hapo, jambo ambalo halifanywi, akamshika Galali mkono wa kanzu akamtoa nje, sisi tukiwafuata, Zibia akilia kwa hasira. Langoni wale wazee walikuwa wamekaa mahali pao, wakivunja lozi. Galali alivuta pumzi kutoka tumboni, kama alivyozoea.

"Usiimbe," Hogla akamwambia. "Ukiimba watalia tu, kisha waende zao. Sema."

Akasema. Alitaja harusi, jiwe, mwanambuzi na siku aliyomwona kweli. Sauti ile iliyofika Bethlehemu ikawa haifiki hata kwa mzee wa kwanza, aliyeinama na kiganja sikioni.

"Hawakusikii," Hogla akasema. "Rudia."

Akarudia.