Ikilia Mara Moja

Kazi yangu ni kuchunga seva, zile kompyuta kuu, za kampuni moja ya kusambaza dawa. Nazichunga nikiwa nyumbani, mtaa wa Huruma, kwenye meza iliyobanwa dirishani. Seva ikielemewa, simu yangu inalia.

Mwanzoni ililia kwa kila upuuzi. Intaneti ikiyumba sekunde tatu, inalia. Diski ikikohoa, inalia. Nilichoka hadi nikaichukia simu yenyewe. Basi nikaandika sheria: tatizo likitokea mara moja likapita, nisiambiwe; likijirudia, ndipo nipigiwe kelele. Utulivu ulionijia ulinilevya, nikaziwekea hata simu za watu sheria kama hiyo. Saa za kazi, anayenitaka apige mara mbili mfululizo, la sivyo simu inyamaze. Nilijiona mjanja.

Mamangu aliishi peke yake Njiru, yeye na presha yake. Tangu nikiwa chuoni alikuwa na mtindo mmoja: ananifleshi mara moja, simu inaita kidogo, anakata, nami nampigia. Hata nilipoanza kumwekea salio hakubadilika. Kufleshi mara ya pili aliona ni kumkimbiza mtu. Nilimjua hivyo maisha yangu yote, na siku nilipoweka ile sheria ya simu sikumkumbuka. Sina la kujitetea.

Jumanne hiyo seva zilikuwa shwari kutwa, na simu sikuitazama. Saa kumi jirani yake, mama anayeuza mboga pale getini, alinipigia, akapiga tena. Nilipofika Njiru, Mama alikuwa amefunikwa shuka hadi kichwani.

"Asubuhi alisema kichwa kinamgonga na mkono umekufa ganzi," jirani aliniambia. "Nikamwambia tutafute gari twende hosi. Akakataa. Akasema, 'Nimeshamfleshi kijana wangu. Ameona, atapiga saa hii.' Nikarudi saa saba, bado ameketi, simu mapajani."

"Si ungenipigia wewe, mama?"

"Alinikataza. Alisema uko kazini."

Niliichukua simu yake. Saa nne kasorobo, jina langu, mara moja. Nilitaka kumkasirikia kwa kutopiga tena, na nilimkasirikia kweli, nikiwa nimesimama karibu na miguu yake.

Zile sheria nimezifuta zote. Simu inalia kutwa, diski ikikohoa inalia. Na ikiita kidogo ikakatika, mkono wangu huwa umeshaikamata nimpigie, kabla sijakumbuka.