Ukurasa wa Panya

Kitabu chenyewe kilikuwa cha karatasi ngumu, kila ukurasa mnyama wake. Mwalimu Andrea alikileta kutoka Chikongola siku alipokwenda mjini, akamkabidhi mkewe Rozalia, akasema mtoto azoee picha kabla ya herufi. Basi kila alasiri Rozalia alitandika mkeka kwenye baraza ya nyumba ya shule, hapo Mpapura, akamketisha binti yake Glory, wa miaka mitatu, katikati ya watoto wa jirani, Neema na mdogo wake Fredi, akafungua kitabu.

Rozalia alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, kwao Singida. Kikombe alichonywea mwingine alikiosha mara mbili na bado akakitazama kwanza. Kwa hiyo kusoma na watoto kulimtesa. Fredi alikuwa na kamasi zisizokauka, na kila akitaka kufunua ukurasa alilamba kidole gumba mpaka kwenye kiungo. Tembo ana mate, twiga ana mate. Na kwa wiki nyingi sasa kurasa zilikuwa na alama za vidole, mafuta mazito yenye harufu ya moshi. Akizifuta leo kwa kitambaa cha sabuni, kesho zimerudi. Alivumilia kwa sababu Glory alikipenda kile kitabu.

Glory ndiye aliyemnyima usingizi. Tangu wahamie huku alikuwa hataki chakula. Mwezi wa nne nesi wa kliniki aliinua kadi, akaonyesha mstari wa uzito unavyoshuka, akasema mbele ya kina mama wote kwamba ukishuka tena mtoto atapelekwa hospitali kubwa mjini. Rozalia alilia njia nzima. Akaanza kusaga ulezi na karanga, kumbembeleza mtoto kijiko kwa kijiko, na zaidi ya nusu ya uji ukiishia kwenye gauni. Hata hivyo mwezi wa sita mstari ulipanda, wa saba ukapanda tena. Uji wangu huo, alijiambia. Mpaka wake za walimu wengine aliwafundisha namna ya kuupika.

Ukurasa wa panya alizoea kuupitia mbio. Panya mchafu, panya mwizi, tusimguse, haya, twende kwa sungura. Lakini alasiri hiyo Fredi aliweka kiganja juu ya picha, akakataa usifunuliwe. Huyu amenona, alisema. Neema naye, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, akamweleza mama mwenye kitabu kwamba wa nyumbani haliwi, wa shambani ndiye. Unachimba shimo lake kwenye mihogo, akitoka unampiga. Unamchoma manyoya, unamkwangua, unatoa utumbo, unamchemsha na chumvi, kisha unambanika kwenye kijiti mpaka mafuta yadondoke. Mkia hautupwi.

Rozalia alikuwa anavuta kitabu akifunge, Glory akanyoosha kidole kwenye picha.

"Mimi nakula kichwa," alisema taratibu. "Mama Neema ananipa kichwa."

Rozalia hakuwahi kufika chooni. Alitapikia nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, na kila alipodhani amemaliza alikumbuka jambo jingine: kile kinywa alichokibusu asubuhi, kile kipande cha andazi alichomalizia kikiwa na alama za meno ya mtoto. Yale mafuta kwenye tembo. Akatapika tena.

Aliposukutua akaenda moja kwa moja kwa jirani. Joyce, mama yake Neema, alikuwa jikoni nje, na mbele yake, kandokando ya moto, walikuwepo sita kwenye vijiti, wamepasuliwa, wamekauka, midomo wazi na meno ya mbele ya manjano. Rozalia aliyaelekeza macho yake kwenye paa.

"Mama Neema, umemlisha mwanangu hivyo vitu?"

"Nimemlisha," Joyce alisema, akigeuza kijiti. "Alikuja hapa ananyonya kidole kwa njaa. Nikampa muhogo, hataki. Nikampa hiki, akala, akaomba tena. Ulitaka nimnyang'anye?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema ndiyo? Wewe hata maji ya kata ya mtungini kwangu hunywi, Mama Glory. Unadhani hatuoni?"

Rozalia alifungua mdomo aseme kwamba Glory hatakanyaga tena pale, na harufu ya mafuta ikamwingia mpaka kooni. Akaufunga. Mbele ya macho akaiona kadi, mstari unapanda, mwezi wa sita, wa saba, na sufuria ya uji wake unaomwagwa kila siku.

"Umuoshe mdomo kabla hajarudi," alisema mwishowe. "Na mikono."

"Kwa sabuni gani, yangu au yako?"

"Nitaleta yangu."

Joyce alicheka, akamwambia alete kipande kirefu, maana msimu wa panya bado mbichi.

Kesho yake alasiri Glory alipanda mapajani kwa mama yake ananukia sabuni, na chini ya sabuni, moshi. Alilamba kidole, akafunua, akafunua, akamfikia panya, akangoja. Rozalia aligeuza uso kidogo, akabana pumzi.

"Huyu ni panya," alisema, asiongeze neno, akiwa ameshika kitabu kwa ncha za kucha.