Mchicha wa Hombolo

Mama mkwe wangu alifika Dodoma kutoka Kilimanjaro na mkungu wa ndizi, naye ameshaamua: angeondoka na binti yangu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, ametoka kuugua surua, amebaki macho na mbavu. "Jangwani halelewi mtoto," alisema, akitazama vumbi la Miyuji kama vile mimi ndiye niliyelimwaga. Siku hiyo hiyo akafunga begi la mjukuu wake. Mume wangu mbele ya mama yake hana kauli.

Nilikasirika, lakini sikubabaika. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamefurika maziwa ya kopo na juisi za unga kutoka ng'ambo, na wenzangu ofisini waliamini afya ya mtoto inatoka dukani. Mimi Dodoma nilikuwa nimeshaijua kwa miguu. Nilijua nani pale mtaa wa Kikuyu anakamua ng'ombe alfajiri. Nilijua pia kwamba kiangazi kikishakausha kila kitu, bustani za kando ya bwawa la Hombolo hubaki kijani.

"Mama, kesho nikupeleke sokoni kwangu," nikamwambia.

Kule Hombolo mnunuzi huingia matutani na kujichumia. Mwenye bustani, mama mmoja wa Kigogo, alitupokea kwa shikamoo, akampa mtoto nyanya. Binti yangu, aliyekuwa akigeuza uso kila akiona kijiko, aliila mpaka maji yakamchuruzika viwikoni. Nilimtupia mama mkwe jicho. Akajifanya hakuona, akakaza kitenge, akaingia kwenye mchicha na kuanza kung'oa, shina na mizizi yake.

"Mama, unang'oa?" Mwenye bustani alitua ndoo chini. "Huku tunachuma. Chukua majani ya juu, shina uliache. Maji yake nimeyabeba kichwani."

"Kwetu mfereji unapita mlangoni," mama mkwe alijitetea.

"Huku hakuna mfereji, mama. Ila ukiliacha mahali pake, linaota tena."

Alimpokea yale mashina taratibu, akayarudishia udongo, akayamwagia maji. Mama mkwe, mkulima tangu utoto, alisimama kuangalia. Kisha akapiga magoti akachuma kwa ncha za vidole. Nakiri nilifurahi sana.

Jioni niliupika ule mchicha kwa karanga, na ugali wa uwele. Mtoto akasukuma bakuli mbele, akataka tena. Kila alasiri baada ya kazi niliendelea kuwapitisha kwenye bustani na magenge yangu ya mboga, na bibi hakutoa sifa hata moja. Lile begi nalo lilibaki limefungwa pale pale kitandani.

Asubuhi ya safari alilibeba. Nikasimama mlangoni, maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, na siku hiyo nisingeangalia ukwe. Hakunitazama. Alilifungua, akatoa vigauni kimoja kimoja, akavikunja upya na kuvirudisha kabatini.

"Nilikuja kung'oa, mwanangu," alisema. "Abaki. Zabibu zikiiva nitakuja kumwona hapa hapa."

Nililia kama mtoto, mimi niliyekuwa sibabaiki.