Jina Nililotaka Liishie Kwangu

Jina letu la ukoo sitaliandika hapa. Si siri, ila wenye nalo duniani ni wachache mno, na nikiliandika nitakuwa nimewataja wote kwa mkupuo mmoja, waliokubali na wasiokubali. Itoshe kusema kwamba ni la Kiingereza, na kwamba kwa midomo ya kwetu Masasi, ambako kila konsonanti lazima ipewe vokali ya kukalia, lilisikika kama mtu anafukuza kuku. Mwalimu alipoliita asubuhi, wa dawati la nyuma waliitikia kwa niaba yangu: ko-ko-ko. Nilipigana mara mbili kwa ajili ya jina hilo, na mara zote mbili nilishinda, nikazidi kulichukia.

Miaka ya themanini ilinikuta Stockholm. Nilikuwa nimekuja kwa kozi ya maabara. Kozi ikaisha, kazi ikapatikana, mume akapatikana. Tulipanga nyumba Husby, ghorofa ya tatu. Kazi yangu hospitalini ilikuwa kupokea chupa za damu na kuzilinganisha na karatasi zake. Kanuni ilikuwa moja tu: chupa ambayo lebo yake haipatani na karatasi, mwaga. Usiulize, usikisie, mwaga. Wenzangu walisitasita, hasa damu ikiwa ya mtoto aliyelia kutolewa. Mimi sikusita. Mwanamke aliyebeba jina la watu tangu kuzaliwa hana subira na lebo za uongo.

Waswidi nao hawakunisaidia kulisahau. Kliniki, muuguzi analiita jina, nasimama, naye anaendelea kuchungulia nyuma yangu akimtafuta mwenyewe. Wengine waliniuliza kwa upole niliolewa na Mwingereza gani.

Nilipopata mimba nikakata shauri: jina hili litaishia kwangu. Mtoto wangu atapewa jina halisi la mtu aliyeanzisha ukoo wetu, baba yake babu. Shida ni kwamba jina hilo halisi hakuna aliyelijua. Tulichokijua ni kwamba alichukuliwa utumwani akiwa mdogo, hajui hata ni wapi, akakombolewa njiani kuelekea pwani, akalelewa na wamisionari wa Kiingereza Unguja, na ndio waliompa jina. Baadaye aliwafuata Masasi, akalima, akaoa, akazaa. Wanawe walipomuuliza aliitwa nani zamani, alikuwa na jibu moja: “Huyo alibaki njiani.” Akimaliza hapo, anabadilisha mazungumzo.

Mume wangu hakunielewa hata kidogo. Yeye ni Mganda, alikimbia kwao miaka ya sabini, na Stockholm alikuwa dereva wa basi. Ukoo wake alikuwa anaweza kukuhesabia babu mpaka chai ipoe. Kwao mtoto hupewa jina kutoka hazina ya majina ya ukoo, wala hachukui jina la baba yake, kwa hiyo alikwisha kumwandikia kaka yake Kampala atuchagulie. Lakini Waswidi wanadai pia jina la mwisho. Kwenye ofisi ya parokia, ambako wakati ule kila mtoto aliandikishwa, awe wa kanisa au wa msikiti, tulielezwa utaratibu: mtoto atachukua la baba au la mama, na miezi mitatu ikipita kimya, la mama linaingia lenyewe. Nikamwambia mume wangu basi tumwandike lake. Akakataa.

“Hiyo jina iko yangu mimi peke yangu, si ya ukoo,” alisema kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa askari wa Kampala. “Yako angalau imetoka mbali, iko na stempu ya posta.”

Nilikuwa na mimba ya miezi saba barua ilipofika. Ilipigwa chapa, imetoka Uingereza, na mwandishi alikuwa na jina letu. Alijieleza kuwa mpima barabara mstaafu ambaye kazi yake ya uzeeni ilikuwa kukusanya watu wote wenye jina hilo. Alikwenda maktaba ya mji wake, akapekua vitabu vya simu vya nchi moja baada ya nyingine, na kwenye kile cha Stockholm akanikuta mimi. Simu tulikuwa tumeivuta mwaka ule ule. Alidhani nimeolewa na mjukuu wa baharia fulani aliyepotelea kaskazini.

Aliandika kurasa nne, na nitasema kweli, zilinivutia. Jina lilianza kama jina la shamba, shamba moja tu, kwenye bonde moja, mahali penye miti ya miiba juu ya kijito. Aliyekaa pale aliitwa kwa pale. Kwa muda mrefu ukitoka kwenye bonde lile ulikuwa humkuti mwenye jina hilo hata kwa dawa. Kisha kondoo wakachukua mashamba, watu wakateremka kwenye miji ya viwanda vya nyuzi, wachache wakavuka bahari. Alikuwa amechora ramani tatu. Ya kwanza ina vitone vimebanana kwenye bonde. Ya pili vimetawanyika mijini. Ya tatu, ya siku zile, ilikuwa karibu tupu. Vita viliwamaliza vijana, na wasichana huolewa na kuliacha jina kwa baba zao. Yeye mwenyewe alikuwa na mabinti watatu, wote wameolewa. Mwishoni aliuliza mimi ni wa tawi lipi.

Mume wangu alisoma begani kwangu. Akasema kumbe nina shamba Ulaya na tunahangaika na kodi ya nyumba Husby.

Mimi sikucheka. Niliona mlango. Watu hawa, nilijiambia, huandika kila kitu. Kama waliandika jina walilompa mtoto, lazima waliandika pia ni mtoto gani waliyempa. Nilimjibu usiku huohuo. Nilimweleza kwamba mimi ni mweusi, wa Masasi, na jinsi jina lilivyotufikia, na nikamuuliza swali moja: kwenye karatasi zako, je, kuna mahali palipoandikwa jina lake la kwanza, la kabla yenu? Asubuhi nilipitia posta kabla ya zamu, na tumbo langu mbele.

Binti yangu alizaliwa, na miezi mitatu ikaanza kuhesabiwa. Jina la ukoo wa baba yake lilifika kutoka Kampala mapema, likamkaa vizuri. La mwisho lilibaki wazi. Alipotimiza wiki tatu, Mwingereza akajibu.

Nilimsoma nimesimama jikoni, mtoto begani. Aliandika kwamba nimemtegulia kitendawili cha miaka mingi. Katika ukoo wao kulikuwa na mtoto wa kiume aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minane. Mama yake, pamoja na watoto wa shule ya Jumapili, walichanga ili kumlea mtoto mmoja wa misheni Afrika, kwa sharti kwamba aitwe jina la marehemu, la kwanza na la mwisho, lote. Yule mzee alikuwa na kipande cha gazeti la misheni, la miaka mingi baadaye, kinachosema kwamba mtu wa jina hilo ameoa na amepata mtoto. Kwa kuwa kaburi la yule mtoto alikuwa analijua, aliona ni kosa la mpiga chapa, akakipiga mstari mwekundu. Sasa ameelewa. Kuhusu swali langu alisikitika: orodha ya misheni ilisema tu, “mvulana mmoja, umri kama miaka saba.”

Nililia, kisha nikakasirika kwa kulia. Nilimlilia mama yule wa Kiingereza pia, sikutaka, lakini nilikuwa na mtoto begani na sikuweza kujizuia. Halafu nikafika kwenye aya ya mwisho. Mzee alieleza kwamba jedwali lake ni la damu, na kwa kuwa damu haipo, ametuandalia ukurasa wa pembeni wenye kichwa chake: Waliolitumia Jina.

Waliolitumia. Kama kijiko cha jirani. Machozi yalikauka hapohapo.

Mume wangu aliporudi kutoka zamu nilikuwa bado natembea jikoni. Alisoma, akacheka mpaka mtoto akaamka.

“Juzi ulitaka kuitupa,” alisema. “Leo mwenyewe anakuja kuichukua, unashika mikono mbili.”

“Nikivua nguo mwenyewe ni sawa,” nilimwambia. “Kuvuliwa ni jambo jingine.”

Nilimwandikia baba Masasi. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, na nilimwomba kazi ya kialimu: aniandikie kila nyumba yenye jina letu, popote ilipo. Nilimweleza na habari za mtoto aliyekufa. Kungoja barua ya Masasi si mchezo. Wiki zilipita, theluji ikaanza kuyeyuka kwenye njia ya kwenda kituoni, na mimi nasukuma kigari cha mtoto huku na huku nikihesabu siku zilizobaki. Mume wangu akiniuliza nimeamua nini, nilimwambia sijui, ila najua nimekasirika.

Bahasha ilifika nene. Baba alitumia karatasi za daftari la shule, wino wa bluu, mstari kwa mstari. Masasi ndiko walikojaa. Kisha Lindi, Mtwara, Songea. Karani wa reli Tabora. Mjane Lusaka aliyekataa kuliacha jina hata baada ya kuolewa mara ya pili. Fundi cherehani Mombasa. Wameliandika kwa tahajia tatu tofauti, na baba, kwa ualimu wake, alizisahihisha zote kwa kalamu nyekundu. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mimi, Stockholm, na chini yangu aliacha mstari mmoja mtupu. Nilichukua ramani ya tatu ya Mwingereza nikalinganisha. Tulivizidi vitone vyake vyote vya Uingereza, tena kwa kuhesabu nyumba, si watoto.

Kuhusu yule marehemu mdogo, baba alisema hakuwa na habari, na kwamba amemwombea kanisani. Lakini aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Babu yake, alipojifunza kuandika, aliliandika jina hilo kwenye kila alichokuwa nacho: mpini wa jembe, fremu ya mlango, kigoda. Watoto walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba mtu asiyeandikwa popote huuzwa. Mimi niliyemwaga damu za watu kwa sababu ya lebo nilikaa na sentensi hiyo siku nzima.

Nilimpelekea Mwingereza nakala ya orodha. Sikumwomba kitu. Nilimwambia kwamba shamba lilikuwa lao na jina lilikuwa la mtoto wao, hilo silikatai, lakini kwetu wajina si mtu baki, na kama anataka kujua jina linakaa wapi siku hizi, linakaa Masasi.

Alijibu upesi, kwa adabu zote. Alinipongeza kwa mtoto. Orodha ilimfurahisha, angeitunza. Ila jedwali ni la damu, na akianza kuvunja kanuni hatajua pa kuishia. Nilitamani kumtukana, nikashindwa, kwa sababu hiyo ilikuwa kanuni yangu mwenyewe. Lebo na damu havipatani, mwaga. Tofauti ni kwamba chupa haijibu ukiiita. Baba yake babu aliitwa jina lile, akaitika, maisha yake yote, akawaita wanawe kwalo, wakaitika. Wala hakuna Mwingereza wa kutia au kutoa kitu hapo. Nilikunja barua ile nikaiweka, na sikumwandikia tena.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa. Jumatano jioni nilimwambia mume wangu kwamba mtoto atachukua jina langu.

“Basi mupe, nyabo,” alisema, kwa neno lao la heshima kwa mwanamke. “Lakini mufundishe kupigana pia.”

Akaongeza kwamba kama ni hivyo nilale tu Alhamisi, maana hakuna la kufanya. Nilimwambia nakwenda.

Alhamisi kulikuwa na matope ya theluji, magurudumu ya kigari yalikwama mara mbili. Ofisi ya parokia ilikuwa na mama mmoja mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nilimweleza shida yangu kwa Kiswidi. Alitafuta jalada letu, akalisoma, akaniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtu aliyefuata maji kisimani kumbe bomba limerudi nyumbani kwake. Akaniambia nimejisumbua bure na mtoto mdogo katika hali ya hewa kama hii. Ningekaa kimya nyumbani mpaka kesho, jina langu lingeingia lenyewe.

“Ndiyo maana nimekuja,” nilimwambia.

Hakunielewa. Aliuliza kama nina jina jingine ninalolitaka.

“Hapana. Ni hilohilo. Ila yule wa kwanza hakuulizwa, na huyu sitaki alipate kwa sababu tu mama yake alinyamaza.”

Alivaa miwani. Alitoa fomu mpya kwenye droo, akaigeuza upande wangu, akanipa kalamu.