Harufu Niliyoiosha kwa Sabuni

Kadi ya kile chombo cha maziwa niliiandika mara sita. Mara ya kwanza mstari ulipanda juu upande wa kulia. Mara ya pili niliandika "mbao", kisha nikaona afadhali "mti". Zilizofuata sikumbuki zilikosa nini, ila nakumbuka kuzichana vipande vidogo sana ili mtu asije akaziokota akasoma makosa yangu. Ndivyo nilivyo. Mgeni akiinama mbele ya kadi niliyoiandika, mimi husimama kando ya mlango nikimtazama usoni, na akikunja kipaji najua ameona kitu.

Makumbusho yetu yalikuwa vyumba viwili vya mawe ya volkano huko Ndosho, ukuta kwa ukuta na karakana ya maseremala. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Muzee, alikuwa mwalimu aliyeacha kazi kwa umri. Miaka yote ya vita, watu walipokuwa wakishuka kutoka Masisi na Rutshuru na mizigo mgongoni, yeye alikuwa akiwauliza kama wana kitu cha zamani wasichotaka kipotee. Wengi walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Wachache walimwachia vitu vyao, kwa sababu walijua kwamba kambini kitu chochote cha mti mwisho wake ni chini ya sufuria. Hivyo tukawa na mitego ya samaki kutoka Vitshumbi, vikapu vyenye vifuniko, ngoma moja iliyopasuka, na mikuki miwili ambayo wanajeshi walipenda kuingia kuipima mikononi.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, madarasa yetu yalipogeuka malazi ya wakimbizi, na yalipofunguliwa tena nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunirudisha. Muzee alikuwa na rafu moja ya vitabu vya Kifaransa. Nilivimaliza vyote, na kimoja nilikirudia mara tatu: kile kilichoeleza namna ya kutunza vitu vya kale. Mtu mwenye diploma anaweza kubishana na kitabu. Mimi nilikuwa nacho hicho tu, basi nilikifuata kama anayevuka mto juu ya gogo, bila kutazama kando.

Kitabu kilisema vumbi na masizi hula mti polepole. Nami nilikuwa na chombo kimoja chenye masizi mengi kuliko vyote, chombo cha kukamulia maziwa, kilichochongwa kwa gogo moja, kirefu kama mkono hadi kiwiko, chenye kifuniko kilichosukwa na kuchongoka. Wasemaji wa Kinyarwanda huku kwetu hukiita icyansi. Ndani kilikuwa cheusi kabisa. Siku moja Muzee alipotoka nilikipeleka uani, nikachukua ndoo, sabuni ya unga na mswaki mpya. Nilisugua asubuhi nzima. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, yakinuka moshi na siagi ya zamani. Harufu ile niliihesabu kuwa uchafu. Maji ya nne yalitoka safi. Nikakianika kivulini, kama kitabu kilivyoagiza.

Muzee aliporudi alikishika, akakigeuza, akakaa nacho kitambo. "Kimekuwa kipya," akasema, akakirudisha mezani. Kwa miezi mingi niliyachukua maneno yale kama sifa.

Mama mwenye chombo alikuja Jumamosi moja. Wiki ile milio ya bunduki ilikuwa ikisikika toka upande wa Kibati, na wanafunzi waliokuwa waje kutembelea hawakuja. Nilikuwa nafuta vumbi ambalo nilikuwa nimelifuta tayari. Akasimama mlangoni, mama wa makamo ya juu, kitenge kimefungwa vizuri, viatu mkononi, na pembeni yake msichana wa miaka kama minane.

"Bonjour, mama. Muzee iko?"

"Ametoka, mama. Karibuni."

"Nilimuachiaka kitu. Ya maziwa. Nakuja kuangalisha huyu mujukuu wangu, halafu tunarudia ku camp."

"Tumekuja na miguu," msichana akaniambia, kama anayeshtaki. "Juu Tate anasema tulikuwaka na ng'ombe kumi na tano." Tate ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita nyanya. "Jana alisema kumi na ine."

"Moja imezala," nyanya yake akajibu bila kugeuka.

"Ku camp kila tate alikuwaka na ng'ombe. Hata ule wa jirani yetu, mwenye alikuwaka anauzisha makala ya kupikia."

Nilicheka, na mama naye akacheka kidogo, lakini niliona kwamba neno lile lilikuwa limemfuata njia nzima. Alinieleza tulipokuwa tunaingia chumba cha pili. Mtoto alikuwa mgongoni, hajaota meno, siku walipotoka Masisi. Hajui nyumba isiyo ya hema. Sasa ameanza kusema mbele ya watu kwamba hadithi za nyanya yake ni za uongo. "Kama mutoto haamini kwao," mama akasema, "vita ikiisha atarudia wapi?"

Basi alikuwa amemwahidi kitu kimoja. Masikio yanaweza kudanganywa, lakini pua haidanganywi. Akitia uso ndani ya chombo kile, atanusa nyumba yao.

Nilipokea wageni wengi katika vyumba vile. Wanafunzi hunakili kadi bila kutazama vitu. Wazungu hupiga picha. Watu waliokimbia vita hugusa, na mimi huwaomba wasiguse, na sauti yangu inapofanya hivyo huwa siipendi. Sikuwahi kumpokea mtu aliyekuja kunusa. Nilikuwa nimesimama hapo, kitambaa mkononi, nikayakumbuka yale maji meusi ya uani.

Mama alikitambua chombo mara moja. Alipitisha kidole juu ya ufa mdogo wa chini, ulioshonwa kwa waya. "Hii ni mukono ya bwana yangu." Akakitoa kifuniko, akampa mtoto.

Mtoto akanusa. "Haina kitu."

"Ingiza uso muzuri."

Akaingiza hadi masikio. Alipotoka alitazama ukuta wa maseremala. "Tate, inanuka kama pale kando, kwenye banachonga bitanda."

Mama akakichukua akanusa mwenyewe. Alifumba macho, akanusa tena, akayafumbua akaniangalia mimi.

"Muda ni mrefu, mama," nikasema. "Harufu hupotea." Nilisema kwa Kiswahili cha kitabu, kile ninachokimbilia nikiogopa. Kila neno lilikuwa sahihi.

Mama akakirudisha chombo mezani. Mtoto akasogea, akamshika mkono, akamwambia polepole kama mtu mzima anayemfariji mgonjwa: "Si mubaya, Tate. Tutasemaka ilikuwa na arufu."

Kama mtoto angemcheka, nadhani ningenyamaza. Nakiri hivyo. Lakini alikuwa amemsamehe nyanya yake uongo ambao ulikuwa wangu.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nilikiosha."

"Uliosha."

"Na sabuni."

Akavuta kiti changu akakaa. "Sabuni gani?"

"Ya unga."

"Mara ngapi?"

"Mara ine."

"Na maji ya moto ao ya baridi?" mtoto akauliza, na nyanya yake akamwambia anyamaze.

"Sabuni ni ya miguu," mama akasema. "Hii mama-mukwe alinipatia nikiolewa, na yeye pia alipewaka. Ni maji tu, halafu moshi ya majani. Kila siku. Nani alikufundisha kuosha hivi?"

"Kitabu, mama."

"Mwenye kuandika hicho kitabu alikuwaka na ng'ombe?"

"Sijui."

"Ah," akasema. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyapokea, hata nilikuwa na haja nayo. Badala yake akauliza kama kuna moto.

Kitabu kinakataza moto karibu na vitu vya mti, ukurasa mzima. Niliwasha mbabula, jiko la makaa la Muzee, uani. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, kati ya mawe, akarudi na majani makavu kwenye kitenge. Aliyatazama bila imani. "Haya ni majani ya ku volcan. Haijue maziwa. Lakini tutafanya."

Alitia makaa na majani ndani ya kigae, akakifunika kwa mdomo wa chombo, na moshi ukapanda ndani. Sote watatu tukakohoa. Seremala mmoja akainua kichwa juu ya ukuta.

"Munachoma musée?" Ndivyo maseremala walivyoyaita makumbusho yetu.

"Tunaipika," mama akamjibu, na kichwa kikarudi chini.

Alikigeuza, akangoja kipoe, akampa mtoto. Mtoto akanusa, akapiga chafya, akanusa tena.

"Njo hii?"

Nilimtazama mama. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha, na mimi ningelala usiku ule. Nilitamani alitamke, na tamaa yangu haikuwa kwa ajili ya mtoto.

"Hapana," akasema. "Hii ni moshi tu. Ya kwetu ilikuwa na maziwa ya miaka ndani yake. Hii inakaribia kidogo, hivi." Akaonyesha ncha ya kidole.

Mtoto alifikiri. Kisha akarudisha uso ndani ya chombo na safari hii hakuutoa. Sauti yake ikatokea humo, nzito.

"Na moshi mulikuwa munafanyia wapi? Ndani ao inje?"

"Ndani. Karibu na mulango."

"Mulango ilikuwa inaangalia wapi?"

"Kwenye jua inatokea. Ng'ombe zinapenda."

"Na mimi nilikuwa ninalala wapi?"

Mama akaokota kipande cha kaa lililozimika, akainama, akaanza kuchora nyumba juu ya saruji ya uani. Alianza na mlango. Mtoto akaja akachuchumaa karibu, chombo kifuani, masizi puani. Ukuta mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake na zizi likaangukia karibu ndani ya chumba cha kulala, na mtoto akasema zizi haliwezi kuwa pale, na nyanya yake akasema ngoja, sijamaliza. Mimi nilikaa juu ya jiwe, mbali kidogo, mikono chini ya mapaja, nisije nikawanyooshea mistari.