Nta kwenye Visigino vya Bibi

Harusi ya dada yangu ilikuwa imekaribia, na visigino vya bibi vilikuwa vimepasuka hata anachechemea. Mama mdogo, anayepika mafuta ya ngozi kwa alizeti na nta ya nyuki wa huku kwetu Mitundu, akajipaka kwanza yeye mkononi.

“Miguu yangu inauma, unajipaka wewe?” bibi akamtania.

“Subiri, mama. Yakiniwasha mimi, wewe huyagusi.”

Kesho yake mkono ulikuwa shwari. Ndipo akamwosha bibi miguu, akampaka ikiwa bado na unyevu, ili nta iuzuie usikauke. Akarudia kila jioni. Jamani, upole ule, nami natamani niwe nao! Siku ya harusi bibi alivua viatu, akacheza mpaka vumbi likatimka.